Mtambo Ungojao Jibu

Mwalimu ana kinywa kimoja na masikio mawili, na mbele yake wameketi watoto arubaini, pengine hamsini. Asemapo, wote waweza kumsikia. Aulizapo, hawezi kuwasikia wote. Mikono kumi itainuka, mtoto mmoja atachaguliwa, atajibu, atasifiwa au atasahihishwa. Na wale wengine watakaa kama watazamaji wa mchezo ambao hawakualikwa kuucheza. Baadhi yao walilijua jibu na hawakuulizwa. Baadhi hawakulijua, nao humshukuru Mungu kuwa hawakuulizwa. Kengele ikilia wote hutoka pamoja, wala mwalimu hana njia ya kujua ni nani aliyetoka na kitu kichwani na ni nani aliyetoka mtupu.

Taabu hii ni kongwe kuliko shule zetu, na historia ya vyombo vilivyobuniwa ili kuiondoa ni ndefu kuliko watu wengi wadhanivyo. Siku hizi mtu akitaja vyombo vya kufundishia vinavyomtaka mwanafunzi ajibu na kutenda, wasikilizaji huwaza mara moja juu ya kompyuta na vishikwambi, kana kwamba jambo lenyewe lilizaliwa jana. Sivyo. Kabla ya kishikwambi palikuwa na redio, kabla ya redio hiyo palikuwa na visanduku vyenye madirisha na vibonyezo, na kabla ya visanduku palikuwa na ubao.

Katika vyuo vya Kurani vya pwani yetu, mtoto alipewa ubao wake, akaandikiwa somo kwa wino, akalisoma hata akalishika. Kisha alikwenda mbele ya mwalimu, akalisoma, akasahihishwa pale pale, na ubao ukaoshwa ili upokee somo jingine. Mwenye akili nyepesi alisonga mbele, na mwenye akili nzito alibaki na ubao wake mpaka alipoiva. Mtu aweza kusema mengi juu ya upungufu wa mafundisho yale, bakora ikiwa mojawapo. Lakini yalikuwamo mambo mawili ambayo wataalamu wa Marekani walikuja kuyatafuta baadaye kwa gharama kubwa: kila mtoto alikwenda kwa mwendo wake, na kila kosa liliambiwa kosa wakati ule ule lilipotendeka.

Ufundi wa namna nyingine ulionekana katika jiji la London. Mwaka 1798 kijana aitwaye Joseph Lancaster alianza kufundisha watoto wa maskini, na shule yake ya Borough Road ikaja kuwa na mamia ya watoto chini ya mwalimu mmoja. Kwa amri moja wote waliandika neno juu ya vibao vyao vya jiwe. Kwa amri ya pili wote waliviinua vibao juu kwa pamoja, na wanafunzi wakubwa waliowekwa kuwa wasaidizi wakapita mistarini wakivikagua. Hapo mwalimu alipata macho mengi, ingawa yalikuwa macho ya kuazima. Hesabu ya fedha ndiyo iliyoifanya shule ile ipendwe na watawala: mwalimu mmoja, mshahara mmoja, watoto mamia. Msomaji na alikumbuke jambo hili, maana hesabu hiyo ya fedha itarudi mara nyingi katika habari hizi.

Mashine ya kwanza iliyoweza kuuliza na kungoja ilibuniwa na Sidney Pressey, profesa wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha Ohio State. Mwaka 1924 aliwaonyesha wenzake kijimashine kilichofanana kidogo na mashine ya taipu. Kilikuwa na dirisha dogo lililoonyesha swali pamoja na majibu manne, na chini yake vibonyezo vinne. Mashine hiyo ilikuwa na tabia mbili. Ikitegwa ipime, ilihesabu majibu yaliyo sawa na kuendelea na safari yake. Ikitegwa ifundishe, ilikataa kata kata kusogea. Swali lilibaki dirishani mpaka mwanafunzi abonyeze jibu la kweli. Pressey aliongeza hata kitundu cha kumtolea mwanafunzi peremende akijibu vema, na hapana shaka kwamba sehemu hiyo ndiyo ambayo watoto wangeikumbuka zaidi. Lakini wanunuzi hawakutokea kwa wingi. Mwishoni mwa mwaka 1929 uchumi wa Marekani ulianguka, walimu wakawa wanatafuta kazi, na nani angenunua mtambo wa kumpunguzia kazi mwalimu ambaye kazi yenyewe hana? Mwaka 1932 Pressey aliandika kwamba anaiacha shughuli hiyo.

Ikapita miaka ishirini na zaidi. Mwezi wa Novemba mwaka 1953, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard, B. F. Skinner, aliingia katika darasa la hesabu la binti yake. Hakuja kama mtaalamu, bali kama baba, siku wazazi walipokaribishwa. Aliketi nyuma akatazama. Watoto walipewa hesabu za kufanya, mwalimu akawa anapita kati ya madawati. Baadhi walimaliza upesi wakakaa bila kazi. Wengine walikunja nyuso wakiwa wamekwama. Na hakuna aliyejua kama majibu yake ni sawa mpaka madaftari yatakaporudi kesho. Skinner alikuwa amepata sifa kwa kuwafundisha panya na njiwa mambo ya ajabu kwa kuwatuza mara tu walipotenda ilivyotakiwa. Akaona kwamba njiwa wake wanatendewa vizuri kuliko watoto wale: njiwa alijulishwa papo hapo kwamba amefaulu, na hakulazimishwa kwenda mwendo wa njiwa mwenzake.

Muda haukupita mrefu akaunda mashine yake, na mwaka 1954 akaionyesha katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Ilitofautiana na ile ya Pressey kwa jambo kubwa. Skinner hakutaka mtoto achague kati ya majibu aliyoandikiwa, kwa maana majibu ya uongo nayo huacha alama kichwani. Alitaka mtoto alitoe jibu mwenyewe, kisha afunue na kulinganisha. Somo lilikatwa vipande vidogo vidogo sana, kila kipande kikitangulia kingine kwa hatua ndogo, hata mwanafunzi asipate kukosea ila kwa nadra. Tangu mwaka 1958, alipoandika habari za mashine hizo katika jarida la Science, jambo hili likawa kama homa. Makampuni yaliunda mashine, wachapishaji wakatoa vitabu vilivyopangwa kwa mtindo ule ule, na mwaka 1963 UNESCO ikafanya mafunzo ya uandishi wa masomo ya namna hiyo katika Ibadan, Nigeria.

Homa ile ilipoa kabla muongo haujaisha. Sababu zilikuwa nyingi, lakini moja yatosha. Kukata somo vipande vidogo ni kazi ngumu, na wengi walioifanya hawakuwa akina Skinner. Mwanafunzi aliyejaza neno moja lililokosekana katika sentensi mia tatu mfululizo hakukosea, ni kweli, lakini alichoka hata akatamani kukosea. Mashine ilikuwa na subira, na mwandishi wa somo hakuwa na jambo la kusema.

Wakati huo huo kompyuta zilikuwa zimeanza kuingia vyuoni, nazo zikatoa tumaini jipya. Mwaka 1960, katika Chuo Kikuu cha Illinois, mhandisi Donald Bitzer na wenzake walianzisha mtambo walioupa jina la PLATO, wakitumia kompyuta kubwa ya chuo iitwayo ILLIAC. Kwanza uliweza kumhudumia mwanafunzi mmoja tu. Lakini ulikua. Mwaka 1964 Bitzer, Gene Slottow na mwanafunzi Robert Willson walibuni kioo chembamba cha kuonyeshea maandishi na picha, kilichokuwa mzazi wa aina mojawapo ya televisheni bapa zilizokuja kuenea baadaye. Katika miaka ya 1970 mwanafunzi wa PLATO aliweza kukigusa kioo kwa kidole na mtambo ukamjibu, nusu karne karibu kabla ya mtoto wa Kenya kukiona kishikwambi. Huko Chuo Kikuu cha Stanford, Patrick Suppes alikuwa akiwapa watoto mazoezi ya hesabu kwa mashine zilizounganishwa na kompyuta kwa waya za simu. Waya hizo zilifika mbali hata Kentucky na Mississippi. Mwaka 1966 Suppes aliandika kwamba mamilioni ya watoto watakuja kuwa na mwalimu wa faragha mwenye maarifa kama Aristotle, yule aliyemfundisha Alexander mwana wa mfalme wa Makedonia.

Maneno mazuri. Lakini kila mtoto aliyeketi mbele ya mashine hizo aligharimu fedha ambazo hata shule nyingi za Marekani hazikuweza kuzilipa, licha ya shule ya udongo iliyoezekwa nyasi. Na hapa ndipo Suppes huyo huyo na wenzake walipogeukia chombo ambacho hakuna aliyekifikiria, kwa sababu kilikuwa kimezoeleka mno: redio.

Redio ilikuwa ikifundisha tangu zamani. Katika Kenya matangazo ya shule yalisikika kutoka Sauti ya Kenya, na mwalimu aliyekuwa na redio nzima yenye betri aliwakusanya watoto wakasikiliza. Kusikiliza ndiko kulikokuwa kote. Sauti ya Nairobi ilisema, ikaeleza, ikaaga, na mtoto aliyesinzia hakuisumbua hata kidogo. Redio haina masikio. Itawezaje basi kumuuliza mtoto swali na kungoja jibu lake?

Mwaka 1974 kikundi kutoka Stanford, kwa fedha za serikali ya Marekani, kilikwenda Nicaragua katika Amerika ya Kati, kikafanya kazi pamoja na Wanicaragua katika wilaya ya Masaya. Shabaha ilikuwa hesabu kwa madarasa ya chini. Jawabu walilolipata juu ya redio isiyo na masikio lilikuwa jepesi hata laelekea kuchekesha: redio ijifanye inayasikia. Iulize swali. Inyamaze. Katika ukimya ule watoto wote wajibu kwa sauti, au waandike, au wahesabu mawe waliyonayo juu ya dawati. Kisha redio itaje jibu lenyewe, na mara iulize swali jingine. Katika nusu saa mtoto aliombwa kujibu mara nyingi kuliko alivyoulizwa na mwalimu wake kwa juma zima, na pasiwe na kitambo cha kusinzia.

Ujanja wote ulikuwa katika ule ukimya. Ukiwa mfupi mno, mtoto wa polepole ameachwa njiani, na baada ya kuachwa mara tano ataacha kujaribu. Ukiwa mrefu mno, darasa litaanza mazungumzo yake, nayo redio itakaposema tena haitasikiwa. Hapana mtu awezaye kuketi studioni na kukisia urefu wake. Kwa hiyo waandishi walipeleka watu madarasani wakatazama mahali watoto waliponyamaza, mahali walipochanganyikiwa, mahali walipocheka. Nao wakawapima watoto kwa mitihani midogo ya mara kwa mara, na masomo yaliyofuata yakaandikwa kwa kufuata yale yaliyoonekana. Redio haikusikia siku ile, lakini ilikuwa imesikia jana. Mwanzoni watoto walipewa karatasi za mazoezi zilizochapwa. Karatasi zikaonekana ghali, zikapunguzwa, na masomo yakapangwa ili daftari na ubao vitoshe.

Matokeo yalichunguzwa kwa uangalifu, na taarifa iliyotolewa mwaka 1981 ililinganisha madarasa yaliyokuwa na redio, madarasa yaliyopewa vitabu vya kiada, na madarasa ambayo hayakupewa kitu. Vitabu vilisaidia. Redio ilisaidia zaidi. Tena redio ilipunguza ule umbali uliokuwapo kati ya watoto wa mjini na wa shamba. Naona neno hili la mwisho ni zito kuliko yote yaliyotangulia, kwa kuwa vyombo vipya kwa kawaida humtangulia kumfikia mtoto wa mjini, na kuuzidisha umbali badala ya kuupunguza. Mwaka 1979 vita vya kuiangusha serikali ya Somoza vilienea nchi nzima, na mradi ule ukakatika.

Lakini mbegu ilikuwa imechukuliwa. Mwaka 1980 mradi wa namna hiyo ulianza katika Kenya, katika Taasisi ya Elimu ya Kenya, ukisaidiwa na serikali ya Marekani pamoja na wataalamu wa shirika la Academy for Educational Development. Nao haukuwa wa hesabu, bali wa lugha. Uliitwa Radio Language Arts Project, na kazi yake ilikuwa kufundisha Kiingereza kwa madarasa ya kwanza, ya pili na ya tatu.

Ili kuelewa kwa nini Kiingereza kilichaguliwa, yatubidi tukumbuke hali ya mtoto wa mashamba wakati ule. Katika madarasa matatu ya chini alifundishwa kwa lugha ya kwao, au kwa Kiswahili mahali palipokuwa na watu mchanganyiko, na Kiingereza kilikuwa somo mojawapo tu. Alipoingia darasa la nne, mlango uligeuka: hesabu, jiografia, sayansi, yote yakawa kwa Kiingereza. Mwishoni mwa shule ya msingi mtihani ulimngoja, nao ulikuwa kwa lugha hiyo hiyo. Mtoto wa Nairobi aliyesikia Kiingereza dukani na barabarani aliuvuka mlango ule bila kujikwaa sana. Mtoto ambaye hakupata kukisikia ila kinywani mwa mwalimu wake mmoja, naye mwalimu huyo pengine hakupata mafunzo ya ualimu, aligonga kichwa. Na aliyegonga kichwa katika darasa la nne aghalabu hakuyafikia masomo ya sekondari. Wewe usomaye kitabu hiki umeuvuka mlango huo. Wengi wa rika la wazazi wako hawakuuvuka.

Majaribio ya matangazo yalifanywa darasa baada ya darasa, mwaka baada ya mwaka, tangu mwaka 1982, katika shule za mashambani za sehemu mbalimbali za nchi zenye lugha mbalimbali. Somo lilikuwa la nusu saa kila siku ya shule. Mwalimu hakuondolewa; jambo hili lilitazamwa kwa makini, maana walimu huogopa, na si bure, kwamba mtambo uingiao kwa mlango wa mbele utawatoa kwa mlango wa nyuma. Kabla ya somo aliandika ubaoni maneno au picha alizoagizwa katika mwongozo wake. Somo lilipoanza alisimama karibu na redio, akaonyesha kwa kidole neno lililotajwa, akamchagua mtoto ajibu peke yake pale redio ilipotaka mmoja, akapita akitazama madaftari. Redio iliwaambia watoto wasimame, nao wakasimama. Iliwauliza wanafanya nini, nao wakajibu wote kwa kishindo kwamba wanasimama. Kisha ikalisema jibu kwa matamshi yaliyo safi. Waliimba, wakahesabu, wakanyosha mikono juu, wakasoma ubaoni, wakaandika. Kwa mwalimu mwenyewe lilikuwa shule ya pili, kwani alisikia matamshi yale kila siku bila kuaibishwa mbele ya mkaguzi.

Pana tazamo moja lisilofaa kufichwa. Skinner alikuwa amelalamika juu ya mambo mawili: mtoto hajulishwi jibu lake mapema, na wote hulazimishwa mwendo mmoja. Redio iliondoa la kwanza, la pili ililiacha kama lilivyokuwa, kwa kuwa mawimbi ya redio hayamngoji mtu binafsi. Katika kujibu kwa pamoja, mvivu aweza kujificha ndani ya sauti za wenzake kama mbuzi ndani ya kundi. Aidha redio yaweza kuuliza tu maswali ambayo jibu lake lajulikana mapema. Haiwezi kumuuliza mtoto afikiri nini, kwa sababu haitajua la kumjibu. Tukitaka mtoto abishane, atunge, ashuku, hapo twamrudia mwalimu mwenye masikio. Hata hivyo upimaji ulionyesha kwamba watoto waliofundishwa kwa redio walifaulu kuliko wenzao wasio na redio katika kusikia Kiingereza na katika kukisoma, na hayo kwa gharama ambayo, redio ikishanunuliwa, sehemu yake kubwa shuleni ni betri.

Mtu angetarajia basi kwamba baada ya mwaka 1985, muda wa msaada ulipokwisha, masomo yale yangeenezwa katika shule zote za Kenya. Haikuwa hivyo. Mwezi wa Januari mwaka huo huo nchi ilikuwa imeingia katika mfumo mpya wa 8-4-4, mitaala ikabadilishwa, mtihani mpya ukawekwa mahali pa ule wa zamani, na mamia ya masomo yaliyonaswa kwa kufuata mtaala wa zamani yakabaki kama nguo ya mtoto aliyerefuka. Kuyanasa upya kulihitaji fedha, na fedha za msaada zilikuwa zimekwisha. Kitabu chaweza kufutwa mstari na kuongezwa ukurasa. Somo la redio lililopimwa sekunde kwa sekunde halikubali kiraka. Nadhani hata pasingekuwa na 8-4-4 shida ingekuja, maana mradi uliolishwa kutoka nje hauna desturi ya kujitafutia chakula.

Kilichokataa kukua nyumbani kiliota kwa jirani. Tangu mwaka 1987 masomo ya Kenya yalichukuliwa Lesotho, yakatengenezwa upya kwa watoto wa huko, na kutoka hapo mtindo ukaingia Afrika ya Kusini katika miaka ya 1990, wakati shule za Waafrika zilipokuwa zikitoka katika giza la ubaguzi. Katika Zanzibar, tangu mwaka 2006, redio ya namna hiyo iliwafikia watoto wadogo wasiokuwa na shule karibu nao, kwa kipindi kilichoitwa Tucheze Tujifunze; na hapo lugha ilikuwa Kiswahili, na watoto waliketi chini ya mti au barazani, wala haikupungua kuwa shule.

Turudi Harvard kidogo, kwa kuwa yaliyotokea huko yafaa kuwekwa kando ya haya. Eric Mazur, mwalimu wa fizikia, alikuwa mhadhiri mwenye kusifiwa na wanafunzi wake. Yapata mwaka 1990 aliwapa mtihani mwepesi uliopima kama wameelewa mambo ya nguvu na mwendo, si kama wanaweza kutumia kanuni. Mwanafunzi mmoja akamuuliza ajibu namna gani: kama alivyofundishwa, au kama anavyofikiri mwenyewe? Swali lile lilimshtua Mazur kuliko matokeo ya mtihani. Tangu mwaka 1991 aliacha kuhutubu saa nzima. Alieleza kidogo, akauliza swali lenye mtego, kila mwanafunzi akachagua jibu lake, kisha akamtaka amgeukie jirani yake na kumshawishi. Baada ya mabishano waliulizwa tena. Kwanza walionyesha majibu kwa kadi. Baadaye vikaja vidude vya mkononi vyenye vibonyezo, ambavyo hupeleka majibu yote katika kompyuta ya mwalimu kwa mara moja. Vidude hivyo vilienea katika vyuo vingi. Mwaka 2008 Nathaniel Lasry wa Kanada alilinganisha darasa lenye vidude na darasa lenye kadi za karatasi. Tofauti ya maana katika kujifunza hakuiona. Wanafunzi walifaidika kwa swali na mabishano, na kadi ilitosha kuvibeba vyote viwili. Lancaster, mwenye vibao vyake vilivyoinuliwa juu kwa amri, asingestaajabu.

Katika Kenya, uchaguzi wa mwaka 2013 ulikuja na ahadi ya kompyuta ndogo kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Mabishano ya zabuni yalichelewesha ahadi hiyo, na ilipotimizwa tangu mwaka 2016 ilikuwa imegeuka kuwa vishikwambi, vilivyopelekwa pamoja na vyombo vya mwalimu na vya kuonyeshea picha ukutani. Jumla yake ilipita milioni moja. Faida moja kubwa yafaa itajwe kwa haki: ili vishikwambi vipate chaji, shule nyingi za msingi ambazo hazijapata kuona taa ziliingizwa umeme. Kuhusu kufundisha, hadithi ni ya mchanganyiko. Kuna walimu waliovitumia kwa ustadi, watoto wakaunda maneno kwa vidole na kusikia herufi zikitamkwa. Kuna shule ambamo vilifungiwa kabatini kwa kuhofia wezi, na mwalimu mkuu aliyejua kwamba atavilipia vikipotea hakuwa mjinga kuvifungia. Mwandishi mmoja wa masomo aliyeketi darasani kuhesabu sekunde za ukimya ni adimu kupatikana kuliko vishikwambi elfu, naye haagizwi kwa zabuni.

Mwezi wa Machi mwaka 2020 shule zote za Kenya zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Vishikwambi vya serikali vilikuwa vimekusudiwa kutumika shuleni, na watoto walikuwa nyumbani. Taasisi ya Kukuza Mitaala ya Kenya, ambayo mwaka 2013 ilichukua nafasi ya ile Taasisi ya Elimu ya zamani, iligeukia tena mawimbi ya redio na televisheni. Ratiba za masomo zikatangazwa, na watoto wakaketi kando ya redio za wazazi wao na daftari magotini. Baadhi ya madarasa yalirudi shuleni Oktoba, na yaliyobaki yakarudi Januari 2021.